UJANJA WA MJINI UNATOKA WAPI? TWENDE KARIAKOO KWA MIGUU

Leo naomba tuache kidogo habari za nani kamwacha nani, tuvae viatu vya kutembelea. Kuna swali moja ambalo kila kijana wa mjini analijibu kila asubuhi mbele ya kioo, lakini ukimwuliza kwa mdomo anababaika. Ujanja unatoka wapi? Nani alikaa kitako akaamua kwamba suruali ya mwaka huu ibane na ya mwaka kesho ipwaye? Nani alisema ukitembea unadunda, bega moja limeshuka, wewe ni mtoto wa mjini, na ukitembea wima kama mwanakwaya basi wewe umeshuka jana na basi la mkoa?

Majina yamebadilika sana. Wazee wetu walikuwa na mabitozi na masistaduu. Kaka zetu wakawa mabrazameni. Baadaye wakaja mabishoo, wakafuata masharobaro, na siku hizi mtu anajiita baharia hata kama bahari yenyewe anaionea Feri akinunua samaki. Jina jipya, mtu yule yule. Anataka aonekane hana haraka, hana shida, na hatishiki na kitu. Mfukoni anaweza kuwa na nauli ya kwendea tu, ya kurudia Mungu anajua, lakini usoni hutaiona.

Ukiuliza vijiweni utajibiwa haraka: "Vitu vyote vinatoka Marekani bwana!" Wengine watakwambia vinatoka Kongo, wengine Afrika Kusini, na siku hizi Naijeria. Wazee watasema vinatoka kwa shetani. Mimi nasema tusibishane, twende tukaangalie. Panda daladala ushuke Karume, Ilala. Kutoka hapo tutakwenda kwa miguu mpaka katikati ya mji. Kaza kamba za viatu, na simu weka mfuko wa mbele!

KARUME: KUFA ULAYA

Hapa Mchikichini ndipo mji wa Dar unapovalishwa. Soko hili liliteketea kwa moto Januari 2022, na majivu hayajapoa vizuri watu wakarudi kupanga meza. Njoo alfajiri uone balo likifunguliwa. Balo la kawaida ni kilo 45, limekazwa kwa mikanda kama mgonjwa wa kifafa. Mkanda ukikatwa tu nguo zinafura, na watu wanaruka! Wanaowahi ni wale wenye jicho. Wanachomoa kilicho kikali, wanakitupa begani, ndipo wanauliza bei. Anayekuja saa nne anakuta masalia, na mchana vitu vinamwagwa chini kwa bei ya kugombania.

Sasa fikiria safari ya fulana moja. Mtu wa Canada au Ujerumani kaichoka, kaitia kwenye mfuko wa msaada. Walioupokea mfuko wakauza nguo kwa uzito. Kiwandani wakazichambua kwa daraja: hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya matambara ya kufutia mashine. Ikafungwa balo, ikapanda meli, ikaingia bandarini, ikafika Karume. Kule ilikuwa taka. Hapa muuzaji anaikung'uta mara mbili hewani, anaipiga pasi ya mkaa, anaining'iniza juu kabisa kwenye henga, na kufikia saa tatu ni pamba ya kutokea Jumamosi.

Ndiyo maana utamkuta kijana wa Tandika kavaa koti la kazi la fundi bomba wa huko Ulaya, jina la kampuni mgongoni, na anatesa nalo kwelikweli. Mwenye koti akimwona atashangaa. Yeye alilichukia kwa sababu lilimkumbusha kazi. Kijana analipenda kwa sababu mtaani kwao analo peke yake.

Halafu kuna fundi cherehani pembeni. Suruali imekuja pana kama ya Mzungu mwenye kitambi, fundi anaibana, anaikata, anaitia mfuko wa pembeni. Ikitoka hapo mwenye kiwanda hawezi kuitambua. Kwa hiyo ukiniambia vitu vyote vinatoka Marekani, nitakujibu kwamba kitambaa ndiyo, kinaweza kutoka huko. Ujanja umeshonwa Ilala.

Wenye umri watakwambia haikuwa hivi siku zote. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni. Kanga foleni, sabuni foleni, na kitambaa cha suruali mpaka ujuane na mtu wa duka. Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza, watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao, na mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Mitumba ikamwagika. Viwanda vyetu vya nguo vikalala. Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, hakikurudi tena kwenye enzi zake.

Mwaka 2016 wakubwa wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019. Marekani ikanuna, ikatishia kuondoa nafuu ya kodi kwa bidhaa zetu zinazokwenda kwake. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo zake. Unaona? Fulana unayochagua kwa kucheka pale Karume imewahi kugombaniwa na marais.

KARIAKOO: MJI WA WAPAGAZI

Haya, tuvuke tuingie Kariakoo yenyewe. Hapa kila anayejiita mjanja lazima apite, ama kununua, ama kuuza, ama kuuziwa boksi lenye tofali. Lakini wajanja wangapi wanajua jina hili maana yake nini?

Kariakoo ni Kiingereza kilichopondwa na midomo yetu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kwa Wajerumani mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Nairobi nako kuna Kariokor, asili ni ile ile. Hawa hawakuwa askari wa bunduki. Walikuwa wabeba mizigo, wengi wao walikamatwa vijijini wakapewa mzigo kichwani, na walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hakuna mtu aliyekuwa chini ya mpagazi. Leo jina lao ndilo linalobeba soko kubwa la nchi, na jengo lake la saruji lenye mapaa kama miyavuli, alilolichora msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, wakalikarabati. Ndio Kariakoo hiyo, haifi.

Sasa sikiliza jambo ambalo shuleni hawakutufundisha. Vijana wa enzi hizo walikuwa na ngoma yao ya kisasa, iliyoitwa beni. Neno limetoka kwenye bendi, bendi ya jeshi la Mzungu. Ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka mpaka Tanga na Dar, na vita vilipokuja wapagazi na askari wakaibeba mpaka bara. Watu walishona sare, wakapiga matarumbeta, wakapangana kwa vyeo: huyu mfalme, huyu kapteni, huyu daktari. Hapa Dar kulikuwa na kambi mbili zilizovimbiana kama Simba na Yanga. Marini walikuwa watu wa ofisini, makarani na waliojiona wa mjini. Arinoti walikuwa watu wa kazi za mikono, wabeba mizigo na wakuja kutoka bara.

Wengine wanasema wale walikuwa wanamwiga Mzungu. Mimi naona palikuwa na zaidi. Mtu mchana anaitwa "boi" na bwana mkubwa ambaye hata jina lake halijui. Jumapili mtu huyo huyo anavaa koti lenye vifungo vinavyong'aa, anaitwa kapteni, mtaa mzima unatoka nje kumwangalia. Watawala wenyewe waliingiwa na wasiwasi, wakawa wanaziandikia ripoti ngoma hizi wakijiuliza kuna njama gani nyuma yake. Hawakuelewa kwamba mtu anaweza kuvaa sare ya bwana wake kwa sababu hataki tena kuwa boi.

Ukiwaona leo vijana wa Msimbazi wamesimama nje ya duka la raba, kofia nyuma, mikono mfukoni, usiseme wamekuja na jambo jipya. Mtaa huu huu babu zao walisimama hivyo hivyo.

MTAA WA KONGO: KUTOKA MERIKANI MPAKA KANGA

Ingia Mtaa wa Kongo ukiweza, maana hapa mtu haingii, anasukumwa. Kulia vitenge, kushoto madera, katikati machinga wamesimama na suruali kumi kwenye mkono mmoja. Utaitwa majina yote: kaka, bosi, mjomba, baba mchungaji! Ukiwa dada ndiyo usiseme, utaitwa wifi na watu watano kabla hujafika kona.

Akina dada wanajua siri ya nguo kuliko sisi, na historia inawapa haki. Karne ya 19 Zanzibar na pwani yote kulikuwa na kitambaa cheupe kisicho na ua kilichoitwa merikani. Jina linajieleza: kililetwa na meli za Wamarekani kutoka Salem, Massachusetts. Tangu mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alikuwa na mkataba wa biashara nao. Kwa hiyo wanaosema Marekani imeanza kutuvalisha juzi kwenye televisheni wamechelewa karibu miaka 200. Lakini merikani na kaniki ndizo zilizovaliwa na watumwa. Ukimwona mtu kavaa merikani tupu ulijua hali yake bila kumwuliza.

Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walifanya nini? Walinunua kanga. Walizitaka zenye rangi na maua, na baadaye zenye maneno. Walizitafuta mpya, toleo kwa toleo, kuonyesha kwamba sasa mtu huyu anajichagulia mwenyewe. Sisi leo tunaiona kanga ni nguo ya shangazi, ya jikoni na ya msibani. Siku zile kanga ilikuwa ndiyo habari ya mjini! Ilikuwa inasema: mimi si wa mtu.

Hapa nashika kidevu, nafikiri. Kila nikichimba nakuta jambo lile lile. Anayeanzisha mtindo si yule mwenye nacho. Mwenye nacho hana haja ya kuonekana, ameshaonekana. Anayeanzisha ni aliyekuwa haonekani.

Hata kwa wenzetu ni hivyo. Jinzi unayoililia ilikuwa suruali ya vibarua. Mwaka 1873 fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hati ya kuimarisha mifuko kwa vipini vya shaba ili isichanike mtu akiwa kazini. Miaka ya 1950 James Dean akaivaa sinemani, ikawa ya vijana wakorofi. Viatu vya Timberland vilikuwa vya kazi za baridi na matope, wakavichukua vijana weusi wa New York kwenye miaka ya 1990, na sisi tukavivaa Dar kwenye joto la nyuzi 32! Miguu ilichemka, lakini nani alilalamika?

KITUONI: SIKU UJANJA ULIPOPIGWA

Tusimame kidogo hapa kwenye vituo vya mabasi vya Kariakoo, tuvue kofia, maana si kila habari ya mtindo ni ya kuchekea.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana zilikuwa marufuku, zikaitwa utamaduni wa kigeni. Tarehe yenyewe haikusubiriwa. Oktoba hiyo hiyo makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wasichana hapa Kariakoo, waliposhuka kwenye mabasi wakitoka kazini na shuleni, yakawapiga na kuwachania nguo. Barua zikamiminika magazetini, za kuunga mkono na za kupinga. Mwaka 1969 hata muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar.

Sina ugomvi na mtu aliyetaka tujivunie vyetu. Taifa lilikuwa na miaka saba tu tangu Uhuru, lilikuwa linatafuta sura yake. Lakini angalia nani alilipa. Mwenye suti na tai, mtindo wa Ulaya ule ule, alipita salama. Aliyechaniwa nguo ni binti mpiga chapa aliyenunua sketi kwa mshahara wake mwenyewe. Na mara ngapi tangu hapo tumesikia habari kama hizo, binti kazomewa kituoni, kavuliwa, watu wanapiga picha? Mvulana akilegeza suruali mpaka makalio yanapumua anaitwa mhuni, basi. Msichana akivaa apendavyo anaitwa majina ambayo mhariri hawezi kuyaruhusu.

Na je, marufuku ilisaidia? Wapi! Miaka ya 1970 ndiyo iliyoleta bugaluu, suruali zilizofagia lami, viatu vya raizoni vya kumwongezea mtu nusu futi, na nywele za afro kama mwavuli. Bugaluu lenyewe ni jina la muziki wa New York, wa vijana weusi na wenye asili ya Puerto Rico. Nguo iliyokatazwa ilikua ikawa pana zaidi. Kijana ukimkataza kitu umemtangazia biashara.

SINEMA, KASETI NA MELI

Sasa tuelekee Mnazi Mmoja, tuingie mjini. Zamani Jumapili njia hii ilijaa watu waliooga vizuri wakielekea sinema: Empire, Avalon, Odeon, Empress. Huko ndiko mtu alikojifunza kutembea. Raj Kapoor alipotoka na Awaara mwaka 1951, maskini mwenye kofia ya kuinamisha, vijana wa pwani nao wakainamisha kofia. Wakaja makauboi, akaja Bruce Lee mwaka 1973, na kila mtaa ukawa na mtu anayevunja tofali kwa kiganja. Wenye magari, na wenye marafiki wenye magari, walikwenda Drive-In ya Msasani. Kiwanja kile cha sinema ndipo ulipo leo Ubalozi wa Marekani. Kumbe Marekani ilianza kukaa pale kwenye turubai kabla haijajenga ukuta!

Televisheni Bara hatukuwa nayo mpaka mwaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo picha zilikuja kwa video za kukodi na kwa kaseti. Na kaseti nyingi ziliingia kwa mlango wa bandari.

Hapo ndipo anapoingia baharia. Vijana wa Dar walikuwa wanazamia meli. Mtu anajificha kwenye shehena siku kadhaa bila chakula, hajui anakwenda Ugiriki au Afrika Kusini. Wengine hawakufika. Waliofika na wakarudi walikuja na raba, redio kubwa ya begani, maneno mapya na ile sura ya mtu aliyekiona kifo akakizoea. Hawakuwa na haraka tena na kitu chochote. Mtaa ukawatazama ukasema: ujanja ndio huu. Leo baharia ni neno la utani la kila mwanamume wa mjini, hata anayeogopa kivuko cha Kigamboni. Kumbuka tu kwamba neno hilo lina watu waliobaki chini ya maji.

Muziki nao ukapita humo humo. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua biti ya Vanilla Ice akaimwagia Kiswahili. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, halafu wakaanza kuandika mistari yao. Mwaka 1993 likazaliwa kundi la Kwanza Unit. Tuliowafuata hatukumbuki tena kama kulikuwa na siku ambayo kurap kwa Kiswahili kulionekana kichekesho.

KAMANYOLA BILA JASHO

Lakini kama unataka neno moja linaloeleza ujanja wote huu, usiende Marekani. Nenda kwenye kumbi za dansi.

Miaka ya 1970 walihamia Dar wanamuziki wa Maquis du Zaire kutoka Kongo. Walivaa, walipendeza, na walikuja na mtindo wao walioupa jina la Kamanyola Bila Jasho. Kamanyola ni mji wa mashariki ya Kongo, na jeshi la Mobutu lilikuwa na divisheni yenye jina hilo. Mimi nashikilia maneno mawili ya mwisho. Bila jasho! Unacheza usiku kucha, miguu inafanya kazi ya punda, uso umetulia kama mtu anayesubiri chai. Huo ndio ujanja: kazi ifanyike, jasho lisionekane.

Huko kwao Kinshasa na Brazzaville waliupeleka mbali zaidi, wakawa na chama cha watanashati, Sape. Chimbuko lake ni waboi wa zamani waliokuwa wakipewa nguo kuukuu za mabwana wao. Mobutu alipopiga marufuku suti na tai mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana walizitafuta suti hizo hizo kwa udi na uvumba. Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan Aprili 2016, akawa mfalme wao. Mtaa hauna maji, barabara ni tope, na katikati anapita mtu na suti ya Paris, anaruka dimbwi kama paka. Unamcheka? Yeye anakwambia: hili tope si mimi.

Na sisi tuna neno letu. Mambo vipi? Poa! Vijana wa miaka ya 1990 walipoanza kujibu hivyo, wakubwa walisema ni kutafsiri Kiingereza. Lakini Kiswahili kilikuwa kimeshajiandaa. Chai hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Humo humo mna pole, upole na polepole. Babu hakumsifu mtu mwenye moto, alimsifu mpole. Mwaka 1973 msomi wa Marekani, Robert Farris Thompson, aliandika kwamba Wayoruba wa Naijeria nao wana neno lao, itutu, ubaridi wa roho wa mtu asiyepaparika, na akaona kwamba mawazo ya namna hii yalivuka bahari pamoja na watumwa. Wajukuu wa wale watumwa ndio waliopiga jazi, na Lester Young mwenye saksafoni anatajwa sana kama mtu aliyelieneza neno lao la Kiingereza kati ya wanamuziki. Miles Davis akaja nalo kwenye santuri, sinema ikalichukua, na mwisho likarudi Dar kwenye kaseti. Kitu kimezunguka dunia kimerudi nyumbani kimevaa miwani, na sisi tunakiuliza: wewe nani?

BEI YA RABA

Kama mambo ndiyo hayo, kwa nini nimetembea njia yote hii na jua lote hili?

Nina mdogo wangu wa kiume, yupo kidato cha tatu. Mwaka jana alikaa majuma matatu bila kula mchana shuleni, anaweka hela ya chakula apate raba. Alizipata hapa hapa Kariakoo. Ni feki za Guangzhou, tiki imegeuka kidogo, lakini alizilalia mtoni siku ya kwanza. Mama alipojua hakugomba. Alimwuliza tu: "Mwanangu, nani kakwambia bila hizi wewe si mtu?" Mdogo wangu hakuwa na jibu. Na mimi kaka yake, niliyemaliza kidato cha nne na kupiga picha za studio na saa ya kuazima, nilitazama dari.

Swali la mama ni kubwa kuliko lilivyo. Sisi vijana ambao ajira hatuna na cheti kimeanza kuota kutu, jambo pekee tunaloweza kulipanga asubuhi ni sura yetu. Tusichekwe kwa hilo. Waliovaa beni, waliovaa kanga baada ya utumwa, waliovaa bugaluu baada ya marufuku, wote walikuwa wanapanga sura zao kwa sababu mengine yalikuwa yamepangwa na wengine.

Tofauti ni hii. Wao walivaa kusema "na mimi nimo". Leo kuna mtu amelisikia neno hilo, akalitia boksi, akalibandika bei, na anatuuzia. Simu inakuonyesha usiku kucha watu wasiotoka jasho, na haikuonyeshi nani kalipia lile gari la kukodi. Wale waliokuwa na kidogo walitengeneza mtindo. Sisi tunaambiwa bila mtindo ulionunuliwa hatuna kitu. Hapo ndipo napokataa! Mtoto asikae njaa ili kampuni iwe na ujanja.

Haya, tumefika Posta. Pale kwenye mzunguko wa Samora ndipo ilipo sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kukumbuka Waafrika wa vita ile ya kwanza. Vijana wanapenda kupiga picha hapa, maana jamaa amesimama na bunduki, kifua mbele, hana habari na mtu. Ni pozi kali kweli. Ukipiga picha yako, inama kidogo usome maandishi chini yake, Kiswahili kipo. Wapagazi nao wametajwa humo. Wale wale wa Kariakoo, ambao hakuna aliyewaona, na ambao mtaa wao leo unatufundisha sote jinsi ya kuonekana.

Kwa leo nakomea hapa, miguu imewaka. Wiki ijayo tutakwenda kwingine. Ukinikuta mjini usiulize raba zangu ni orijino. Nisalimie tu.

Mambo? Poa!